Homoni Ile Ile, Siku Tofauti: Namna Kiinitete cha Ndege Kinavyopata Ulemavu Ndani ya Yai

Insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, huokoa maisha ya wagonjwa wa kisukari kila siku. Katika miaka ya 1940, Walter Landauer, mtafiti wa urithi wa kuku huko Storrs, jimbo la Connecticut nchini Marekani, aliichukua insulini hiyo akaidunga kwenye mayai ya kuku yaliyokuwa yameatamiwa kwa siku moja tu. Mayai yale yalipofunguliwa baadaye, viinitete vingi, yaani vifaranga ambao bado wanaumbwa, vilikutwa havina mkia. Si kwamba mkia ulikuwa mfupi au umepinda. Pingili za mwisho za uti wa mgongo hazikuwepo kabisa.

Kisha akabadilisha jambo moja tu: siku. Mayai mengine aliyaacha yaatamiwe siku nne au tano ndipo akayadunga insulini. Safari hii mkia ulikuwa mzima. Kilichoharibika ni miguu, iliyotoka mifupi na minene, na mdomo wa juu, uliofupika ukapinda mfano wa mdomo wa kasuku.

Dawa haikubadilika, wala aina ya ndege haikubadilika, lakini ulemavu ulikuwa mwingine kabisa. Mtu akiniuliza homoni inalemazaje kifaranga ambaye bado hajaanguliwa, mimi huanzia hapa, kwa sababu jaribio hili linazima dhana ambayo wengi tunayo: kwamba kila kemikali ina ulemavu wake, kama vile kila ufunguo una kufuli lake. Swali la kwanza si kiinitete kilipata nini. Swali la kwanza ni kilikipata siku ya ngapi.

Sababu iko katika namna homoni inavyofanya kazi. Homoni haijengi mfupa wala haikunji nyama. Ni taarifa inayosafiri kwa damu na kupita kila mahali mwilini, lakini seli inayoitikia ni ile tu yenye kipokezi chake, yaani protini maalumu ya kuipokea taarifa hiyo. Baadhi ya homoni, kama estrojeni ya kike, testosteroni ya kiume na homoni za tezi ya thairoidi iliyoko shingoni, zinakwenda mbali zaidi: vipokezi vyake hushika vinasaba moja kwa moja ndani ya kiini cha seli na kuviwasha au kuvizima. Seli ya mtu mzima ikipokea taarifa isiyo yake, mara nyingi hurekebisha mwenendo taarifa hiyo ikishaondoka. Seli ya kiinitete haina nafasi hiyo. Ikiambiwa leo kwamba ife, ijigawe au igeuke kuwa kitu fulani, kesho jirani zake watakuwa wamejengeka kwa kufuata uamuzi wake, na kurudi nyuma hakuwezekani.

Kuku huanguliwa siku ya 21, na ratiba ya siku hizo imebanwa sana. Yai linapotagwa, kiinitete tayari kina maelfu mengi ya seli, kwa kuwa limekaa tumboni mwa mama kwa muda wa siku moja hivi tangu kurutubishwa. Siku ya kwanza ya kuatamiwa, mhimili wa mwili unachorwa. Kabla ya siku ya pili kwisha, moyo umeanza kudunda. Siku ya tatu, vichipukizi vya mabawa na miguu vinajitokeza ubavuni. Kati ya siku ya sita na ya saba, tezi za uzazi, ambazo hadi hapo hazina tofauti kati ya jike na dume, zinaanza kushika njia yake. Mwaka 1951, Viktor Hamburger na Howard Hamilton waliigawa safari hii yote katika hatua 46 zenye picha, na hadi leo maabara za kiinitete cha kuku hutumia jedwali lao. Wanatumia hatua badala ya saa kwa sababu mayai mawili yaliyowekwa pamoja kwenye mashine ya kutotolesha hayaendi kwa mwendo mmoja, na katika kazi hii nusu siku ya tofauti inaweza kubadilisha matokeo yote.

Sasa jaribio la Landauer linaeleweka. Siku ya kwanza na ya pili, seli zitakazotoa pingili za mkia zilikuwa kwenye kazi nzito. Siku ya tano, zamu hiyo ilikuwa imepita, na waliokuwa kazini ni gegedu za miguu na mdomo. Kiinitete cha siku moja hakina hata kongosho la kutengeneza insulini, hivyo kilikuwa kinapokea kwa wingi taarifa iliyokuja kabla ya wakati wake. Landauer aligundua pia kwamba akiidunga nikotinamidi, moja ya vitamini za kundi B, pamoja na insulini, ulemavu unapungua sana. Kinga hiyo ilielekeza macho kwenye namna seli zinavyopata nguvu kutoka kwenye sukari. Tishu inayokua kwa kasi siku hiyo ndiyo yenye mahitaji makubwa, na ndiyo inayoumia ya kwanza.

Kuna jambo jingine katika kazi hiyo ambalo kwangu ni zito kuliko ulemavu wenyewe. Kuku wasio na mkia wapo pia kwa kurithi, na Landauer aliwafuga na kuwachunguza. Ukimweka kifaranga wa kurithi kando ya kifaranga wa insulini, macho peke yake hayakuambii yupi ni yupi. Ina maana kwamba ukiona kasoro ya kuzaliwa huwezi kusema papo hapo kwamba ni damu ya ukoo, wala huwezi kusema papo hapo kwamba ni sumu. Kinasaba kilichoharibika na homoni iliyokuja wakati mbaya vinaweza kukatiza njia moja pale pale.

Mahali nako kuna neno lake. Mwaka 1982, Cheryl Tickle na wenzake nchini Uingereza walichukua kipande kidogo sana kilicholowekwa asidi ya retinoiki, kitu ambacho mwili hukitengeneza kutokana na vitamini A, wakakipachika kwenye ukingo wa mbele wa kichipukizi cha bawa la kiinitete cha kuku. Asidi hiyo si homoni kwa maana ya vitabuni, lakini kipokezi chake ni cha ukoo mmoja na vipokezi vya estrojeni na vya thairoidi. Bawa la kuku lina vidole vitatu, ambavyo wataalamu wa kiinitete wamezoea kuvihesabu 2, 3, 4. Bawa lililopachikwa kipande kile lilitoa sita: 4, 3, 2, 2, 3, 4, nusu moja ikiwa taswira ya nusu ya pili kana kwamba pana kioo katikati. Kwa kawaida taarifa inayopanga vidole hutoka ukingo wa nyuma. Seli za mbele zilipoisikia na upande wao, hazikuchanganyikiwa wala kufa. Zilitii kikamilifu, zikajenga vidole safi kabisa mahali pasipotakiwa vidole. Ulemavu mwingi wa homoni uko hivi: hakuna kilichovunjika, ila kazi sahihi imefanywa mahali pasipo pake.

Yai lenyewe huongeza ugumu. Mtoto wa mnyama anayenyonyesha ana kondo la nyuma, na mama huchuja na kusafisha damu muda wote wa mimba. Kiinitete cha ndege kimefungiwa. Kila kilichowekwa ndani ya ganda siku ya kutagwa ndicho atakachoishi nacho hadi kuanguliwa, zaidi ya hewa na mvuke vinavyopita kwenye vitundu vya ganda. Chakula chake kikuu ni kiini cha njano, ambacho kina mafuta mengi, na homoni za steroidi, kundi lenye estrojeni na testosteroni, hupenda mafuta. Kemikali nyingi zinazozagaa kwenye mazingira nazo ni hivyo hivyo. Kwa kuku, kiini hicho hujazwa upesi katika siku chache za mwisho kabla ya yai kuachiwa kutoka kwenye ovari, kwa hiyo alichokuwa nacho mama katika damu yake siku hizo ndicho mwana atakachokula baadaye.

Wala si kosa la maumbile kwamba homoni za mama zimo ndani ya yai. Mwaka 1993, Hubert Schwabl alionyesha kuwa chiriku wa kufugwa huweka testosteroni katika kiini cha njano, na kwamba mayai yanayotagwa mwishoni katika tago moja huwa nayo zaidi kuliko ya mwanzo. Kifaranga wa mwisho huanguliwa nyuma ya wenzake, na homoni hiyo humsaidia kukua na kudai chakula kwa nguvu zaidi. Nasisitiza hili kwa sababu neno homoni limepata sifa mbaya kupita kiasi. Ndani ya yai lolote zima kuna homoni, na bila hizo kifaranga haanguliwi. Madhara huanza pale kiasi, wakati au aina vinapotoka nje ya kile ambacho kiinitete kimezoea tangu vizazi na vizazi.

Hapo ndipo tunafika kwenye uwanja ambako jambo hili limechunguzwa kwa kina kuliko kwingine kote: viungo vya uzazi.

Kwa ndege, mwenye kromosomu mbili zinazofanana ni dume, ZZ. Jike ni ZW. Hii ni kinyume cha binadamu. Katika kiinitete cha jike, karibu na siku ya sita, tezi ya uzazi huanza kutengeneza kimeng'enya kiitwacho aromatazi, ambacho kazi yake ni kugeuza homoni za kiume kuwa estrojeni. Estrojeni hiyo ndiyo inayoisukuma tezi iwe ovari. Kwa dume aromatazi haiwashwi, na tezi inakuwa korodani. Mwaka 1992, watafiti Elbrecht na Smith walidunga dawa ya kuzuia aromatazi kwenye mayai ya kuku mara moja tu, kabla ya siku hizo za uamuzi kuanza. Viinitete vyenye kromosomu za jike viliota korodani, na baadhi ya kuku hao walipokua korodani zao ziliweza kutengeneza mbegu za kiume. Dozi moja, kwa siku iliyochaguliwa vizuri, ikaamua maisha yote.

Upande wa pili wa shilingi ulijulikana mapema zaidi. Mwaka 1935 nchini Ufaransa, Étienne Wolff na Ginglinger walidunga homoni ya kike kwenye mayai, wakapata viinitete vya kiume vyenye viungo vya jinsia mbili. Ukimfungua dume wa namna hiyo utaona kitu cha kushangaza. Tezi ya kushoto ina tabaka la nje la ovari lililofunika tishu ya korodani, wakati ya kulia imebaki korodani au imeathirika kidogo tu. Estrojeni ilienea mwili mzima, lakini upande mmoja ndio ulioitikia kwa nguvu.

Hii ni kwa sababu ndege hawana ulinganifu katika eneo hili. Kuku jike hubaki na ovari moja na mrija mmoja wa mayai, vyote vya kushoto. Vya kulia huanza kuumbwa kisha hudumaa. Hata kwa dume, upande wa kushoto hubeba uwezo wa kujenga tabaka la ovari, ingawa katika hali ya kawaida uwezo huo hautumiki. Estrojeni ya kutoka nje haikuleta ramani mpya, iliamsha ile iliyokuwa imelala.

Mirija nayo ina kisa chake. Kila kiinitete, awe dume au jike, huanza na mirija miwili iitwayo mirija ya Müller, ambayo ndiyo chimbuko la mrija wa mayai. Korodani hutoa homoni maalumu ya kuiyeyusha yote miwili. Ovari nayo huitoa homoni hiyo hiyo, na ndiyo maana mrija wa kulia wa jike hupotea. Wa kushoto hupona kwa kuwa una vipokezi vingi zaidi vya estrojeni, na estrojeni huukinga. Ukishajua hayo, unaweza kutabiri ulemavu kabla ya kufungua yai. Estrojeni ikizidi, kinga inaenea hadi pale isipotakiwa: dume anabaki na mirija ambayo ilipaswa kuyeyuka, na jike anabaki na mrija wa kulia pamoja na wa kushoto. Kwa jike hali hiyo si pambo. Kware wa kike waliopewa estrojeni wangali kwenye yai wameonekana wakiwa na mirija yenye kasoro, na walipokomaa walishindwa kutaga ipasavyo.

Lazima niongeze jambo hapa, maana makala nyingi hufika kwenye visa hivi na kuhitimisha kwamba homoni hugeuza jinsia ya ndege moja kwa moja. Mambo hayako hivyo. Tezi ya dume iliyogeuzwa nusu ovari mara nyingi hurudi kuwa korodani baada ya kifaranga kuanguliwa na estrojeni kwisha. Tena mwaka 2010, watafiti wa Taasisi ya Roslin huko Scotland walichunguza kuku adimu ambao upande mmoja wa mwili ni jogoo na wa pili ni tetea, jogoo mwenye kishungi kikubwa na misuli mipana upande huu, tetea upande ule, ilhali damu inayowazunguka ni ile ile na homoni ni zile zile. Waligundua kuwa seli za kila upande hufuata kromosomu zao zenyewe. Seli ya ndege inajua jinsia yake kabla ya homoni kusema lolote. Homoni ina sauti kubwa katika viungo vya uzazi, lakini si msemaji pekee.

Ulemavu mwingine hauonekani hata kwa kisu. Kwa kware wa Japani, estrojeni ikiingia kwenye yai la dume kabla ya siku ya 12 hivi, dume huyo hukua akiwa na manyoya ya kiume lakini hapandi majike. Sehemu ya ubongo inayohusika na tendo hilo ilipokea amri ya kike wakati inajengwa. Ukimpa testosteroni ukubwani haisaidii. Elizabeth Adkins-Regan alitumia miaka mingi kulifafanua hili, na mwaka 1995 yeye na wenzake walionyesha hatua iliyokuwa inakosekana: kware jike akipewa estrojeni, sehemu yake huingia kwenye viini vya mayai yake na kubadilisha ukuaji wa kijinsia wa watoto. Kwa hiyo sindano si lazima ipenye ganda. Kinachomfika mama kinatosha.

Hapa ndipo maabara inakutana na pwani. Katika miaka ya 1970, kwenye kisiwa cha Santa Barbara karibu na California, George na Molly Hunt waliona viota vya shakwe vyenye mayai mengi kuliko kawaida. Shakwe hutaga mayai matatu hivi. Viota hivi vilikuwa na maradufu, kwa kuwa waliokitunza kiota walikuwa majike wawili. Madume yalikuwa machache. Bahari ya eneo hilo ilikuwa imepokea DDT kwa wingi, kiuatilifu ambacho Marekani ilikipiga marufuku mwaka 1972. Mwaka 1981, Michael Fry na Toone wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walidunga DDT kwenye mayai ya shakwe kwa viwango vinavyolingana na vile vilivyopatikana kwenye mayai yaliyochafuliwa. Viinitete vya kiume vilitokea na tishu ya ovari na mirija ya mayai. Muundo wa DDT ulioongoza katika madhara hayo ni ule uitwao o,p'-DDT, sehemu ndogo ya mchanganyiko unaouzwa, lakini ndio unaoingia kwenye kipokezi cha estrojeni.

Je, kuharibika huko kwa madume ndiko kulikoleta upungufu wao visiwani? Fry na Toone walipendekeza hivyo. Ni maelezo yenye mashiko, kwani dume asiye na hamu ya kuzaliana hafiki kwenye eneo la kutagia. Lakini jaribio la mayai linathibitisha kuwa DDT inaweza kulemaza, halithibitishi peke yake kwamba ndiyo iliyowapunguza madume wa kisiwa kile. Tofauti hiyo ni muhimu, na ningependa tusiiruke hata pale ambapo moyo unataka kumpata mkosaji.

DDT ina sura ya pili inayochanganywa na hii mara kwa mara. Mwaka 1967, Derek Ratcliffe alionyesha kuwa maganda ya mayai ya kozi na kipanga nchini Uingereza yalikuwa yamekuwa membamba kuliko yale ya zamani yaliyohifadhiwa. Mayai yalikuwa yakipasuka chini ya kifua cha mama. Hapo mhusika mkuu ni DDE, kitu kinachobaki DDT inapovunjwavunjwa mwilini, na mwathirika ni mama mzima anayetaga wakati huo: tezi yake ya ganda inashindwa kuweka kalisi ya kutosha. Huo si ulemavu wa kuzaliwa. Mwaka 2006, hata hivyo, watafiti wa Sweden walitoa matokeo yanayounganisha pande hizo mbili. Walidunga o,p'-DDT kwenye mayai ya kuku, wakalea vifaranga wa kike hadi wakaanza kutaga, bila kuwapa kemikali tena. Maganda ya mayai yao yalikuwa membamba, na kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza ganda kilikuwa hakipo katika mpangilio wake wa kawaida kwenye tezi. Kosa lilifanyika ndani ya yai. Dalili ilisubiri hadi kuku awe mama.

Habari ya homoni katika kuku wa nyama nayo ina mizizi ya kweli, ingawa imetiwa chumvi. Diethilistilbestroli, maarufu kwa kifupi DES, ni estrojeni ya kutengenezwa iliyobuniwa Uingereza mwaka 1938. Kwa miaka kadhaa wafugaji wa Marekani walipandikiza vidonge vyake kwenye shingo za majogoo ili wanenepe na kulainika nyama. Mwaka 1959 matumizi hayo kwa kuku yalisimamishwa. Wakati huo huo DES ilikuwa ikipewa wanawake wajawazito kwa imani kwamba inazuia mimba kuharibika, na mwaka 1971 ndipo saratani adimu ya uke kwa mabinti waliozaliwa na mama hao ilipohusishwa nayo. Mabinti wengi wengine walikutwa na kasoro za mji wa mimba na mirija, viungo vinavyotokana na mirija ile ile ya Müller. Zaidi ya miaka 35 kabla yake, mayai ya kuku yalikuwa yameshaonyesha kwamba estrojeni ya kutoka nje hupotosha viungo vya uzazi vikiwa vinaumbwa. Kila nikizitazama tarehe hizi mbili nasikia uchungu, kwa kuwa dalili ilikuwepo na ilikuwa imechapishwa.

Homoni za tezi ya thairoidi nitazipitia kwa haraka. Kwa kuku, zile zenye nguvu zaidi hupanda ghafla siku za mwisho, kifaranga anapoanza kutoboa ganda, kuvuta hewa kwa mapafu na kuingiza mabaki ya kiini tumboni. Kemikali inayoizuia tezi hiyo huchelewesha kuanguliwa, na kifaranga anaweza kufia ndani akiwa na viungo vyote kamili. Homoni za mfadhaiko zikizidi hudumaza ukuaji, na dawa za jamii hiyo zikidungwa karibu na siku ya 15 hutia ukungu kwenye lenzi za macho. Katika panya dawa hizo hizo zinajulikana kwa kupasua kaakaa. Kwa kuku huwezi kuiona kasoro hiyo, kwa sababu kaakaa la ndege lina ufa tangu mwanzo, ndiyo hali yake ya kawaida.

Kuna pia vitu vinavyolemaza bila kugusa kipokezi cha homoni yoyote. Mnandi wa maeneo ya Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini walioanguliwa na midomo iliyopishana kama mkasi mbovu waliathiriwa na jamii ya dioksini na PCB, kemikali zenye sumu zinazotokana na viwanda, ambazo hushika kipokezi cha aina nyingine. Kuku ni dhaifu mno mbele ya kemikali hizo kuliko ndege wengi, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na asidi amino mbili tu, vijenzi vidogo vya protini, katika kipokezi hicho. Na mwaka 1983, kwenye hifadhi ya Kesterson huko California, vifaranga wa ndege wa majini walikutwa bila macho na bila miguu. Chanzo kilikuwa madini ya seleniamu yaliyoletwa na maji yaliyotoka mashambani.

Kwa hiyo anayekuta kifaranga mlemavu na kutaka kujua kama homoni inahusika ana kazi ya kufanya kabla ya kutaja jina lolote. Joto la mashine likizidi au mayai yasipogeuzwa, ulemavu hutokea. Mama akikosa manganizi, miguu hufupika na mdomo hupinda karibu sawa na ule wa insulini. Hata tundu la sindano kwenye ganda siku za mwanzo linaua na kulemaza, ndiyo maana jaribio lisilo na mayai ya kulinganishia, yaliyodungwa mafuta matupu au maji ya chumvi, halina thamani. Cha kufanya ni kuhesabu nyuma: kiungo kilichoharibika huumbwa siku ya ngapi, na vingine vinavyoumbwa siku hiyo hiyo vikoje. Kisha afunguliwe tumbo hata kama kwa nje anaonekana mzima, atazamwe tezi ya kushoto na ya kulia kila moja peke yake, ihesabiwe mirija, na damu yake ipimwe kama ni ZZ au ZW. Dume wa ZZ mwenye tabaka la ovari upande wa kushoto na mirija ambayo haijayeyuka ni ushahidi wa estrojeni. Mdomo uliopinda peke yake, hapana.